Keki ya Kigamboni, baridi ya Lushoto

Mombo ni joto la kukaangia mayai. Unashuka kwenye basi la Arusha saa saba mchana, shati limekuganda mgongoni, wauza maji wanakuzonga, na hapo hapo pembeni ya barabara unamwona mzee kavaa koti zito, kofia ya sufu na skafu shingoni, katulia zake kivulini anasubiri gari. Usimcheke. Yule kashuka toka juu. Panda naye kilomita 33 tu, na baada ya saa moja na ushee wewe ndiye utakayechekwa na kifulana chako cha mikono mifupi.

Huko juu ndiko Lushoto, milima ya Usambara, mkoa wa Tanga. Wajerumani walipapenda wakapaita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaizari wao. Vijana wa Dar ukiwauliza watakwambia Lushoto ni mahali pa kwenda fungate, kula plamsi na kupiga picha ukingoni mwa mwamba wa Irente. Sawa, hayo yote yapo. Kwangu mimi ni kwetu upande wa mama, na nimekwenda mara nyingi mno kuweza kujifanya mtalii.

Ila safari ya Julai haikuwa ya plamsi. Nilikuwa nampeleka mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, miaka 22, mwaka wa pili chuoni. Kijana mtanashati, mchekeshaji, mpira anaujua. Kwa wiki saba alikuwa hawezi kukaa siti ya mbele kwenye daladala, kwa sababu abiria wote wa nyuma wanamtazama kisogo.

Ndiyo, kisogo. Subiri nikupe mkasa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Mei, ufukweni Kigamboni, bethdei ya mshikaji wao mmoja. Nyama choma ipo, muziki upo, na keki zipo mbili. Moja ya watu wote, ya pili ya wenyewe. Unajua tena. Mdogo wangu msuba hakuwa anaujua kabisa, hata sigara ya kawaida humkohoza mpaka machozi. Lakini keki si moshi bwana, keki ni keki. Akala kipande. Dakika arobaini zikapita, kimya. Akawaambia wenzake keki yao feki, akala cha pili.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa, na wala si Kigamboni peke yake. Bangi ikivutwa inapita mapafuni na kufika kichwani kwa dakika chache, kwa hiyo mvutaji anajua mapema kwamba imemtosha. Ikiliwa inazunguka: tumboni, halafu kwenye ini, na ini linaigeuza ile kemikali yake inayolevya, THC, kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua masaa mawili kabla hujahisi kitu. Na ikishakuja haiondoki upesi, masaa sita, manane, wengine zaidi. Kwa hiyo vipande vyake viwili vilimkuta pamoja, na vilimkuta juu ya pantoni.

Safari ya pantoni toka Kigamboni hadi Magogoni ni ya dakika chache tu. Yeye anasema ilikuwa haifiki. Inakwenda, anasema, lakini haifiki. Taa za mjini anaziona, injini anaisikia, ulimi umekauka kama gunzi, na moyo unapiga mpaka anaona fulana inacheza. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya samaki akageuka kumtazama. Basi, akajua: huyu mama anajua. Mama akamnong'oneza mwenzake. Na mwenzake anajua. Kufika katikati ya maji, pantoni nzima ilikuwa inajua. Akamshika mshikaji wake mkono akamwomba ampigie simu mama yake, amwage naye kabla hajakata roho.

Hakukata roho. Walimfikisha nyumbani, akalala mpaka Jumapili jioni, Jumatatu akaenda chuo. Kwa wengi hadithi huishia hapo, inabaki ya kuchekeana kijiweni.

Alhamisi yake, katikati ya kipindi, moyo ukaruka pigo moja. Kitu cha kawaida, wewe na mimi hutupata tukipandisha ngazi au tukinywa kahawa tatu. Lakini yeye akajiambia: imerudi. Na alivyojiambia hivyo, jasho, mikono baridi, pumzi juu juu, kila kitu kikarudi kweli, ukumbini, mchana kweupe, bila hata punje ya keki.

Kuanzia hapo ikawa kazi. Akanunua saa ya mkononi ya bei chee ile inayopima mapigo ya moyo, akawa anaitazama kila baada ya dakika mbili. Akaacha kahawa, akaacha pantoni, akaacha mpira. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa wakiandika kicheko, anajua wanayemcheka ni yeye. Noah nyeusi ikipaki mtaani ni ya askari kanzu waliokuja kumchukua. Na ubaya wa hofu ya namna hii ni kwamba inajengewa juu ya kitu cha kweli: bangi ni jinai, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina utani, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu "polisi hawahusiki kabisa na mambo haya." Akasoma kwenye simu kwamba THC hukaa kwenye mafuta ya mwili na mabaki yake huonekana kwenye mkojo kwa siku nyingi, hata wiki. Ni kweli, huonekana. Lakini mabaki yale hayamleweshi mtu. Yeye alisoma nusu ya kwanza tu, usiku ule akanipigia simu saa tisa. "Kaka, bado imo. Imo ndani inanisubiri."

Nyumbani nako kila mtu na daktari wake. Dispensari moja ya mtaani ilimpima ikamkuta na taifodi kidogo, kama wanavyomkuta nayo kila anayeingia pale, ikampa mifuko mitatu ya vidonge. Jirani akasema jini la baharini, si alikuwa ufukweni? Baba mdogo akasema hakuna cha jini wala taifodi, huo ni ulevi, fimbo inatosha. Mama mdogo, maskini, alikuwa anasimama mlangoni usiku kusikiliza kama mtoto anapumua, na mtoto kitandani anasikia kuna mtu amesimama mlangoni. Fikiria mwenyewe hayo masaa.

Mwisho tulimpeleka kliniki ya magonjwa ya akili ya hospitali kubwa. Moyo ukapimwa na mashine, mzima. Daktari akamhoji saa nzima, akasema hili si wazimu, ni hofu, akampa tarehe ya kurudi na masharti: bangi marufuku, pombe marufuku, alale, atembee, arudi kwenye shughuli zake kidogo kidogo. Mama mdogo kusikia "alale, atembee" akasema neno moja tu: "Lushoto."

Kabla hatujapanda basi, nikutoe wasiwasi wewe unayesoma kwa kujificha kwa sababu yamekupata. Huko peke yako hupo. Maureen Dowd, mwandishi mkubwa wa gazeti la New York Times, alikwenda Denver mwaka 2014, baada ya jimbo la Colorado kuruhusu kuuza bangi madukani. Akala kipande cha peremende ya chokoleti yenye bangi, akaona kimya, akaongeza. Aliandika mwenyewe gazetini kwamba alijikunja kitandani hotelini masaa manane, akafika mahali akaamini ameshakufa na hakuna anayemwambia. Mtu mzima, mwandishi mwenye tuzo ya Pulitzer.

Na Raphael Mechoulam, profesa wa Israeli ambaye mwaka 1964 pamoja na mwenzake Yechiel Gaoni waliitenga THC yenyewe na kuijua ilivyo, aliwahi kusimulia walivyoijaribu nyumbani kwake. Keki hiyo hiyo. Marafiki kumi, watano wakala yenye dawa, miligramu kumi kila mmoja, watano wakala ya kawaida. Mmoja wa wale watano akacheka hovyo, mmoja akasema hasikii kitu huku haachi kuongea, na mmoja hofu ikamshika barabara. Dozi moja, nyumba moja, jioni moja. Kwa hiyo mshikaji akikwambia "mimi mbona hainifanyi kitu," anakueleza habari za kichwa chake, si cha kwako.

Chuo Kikuu cha Oxford nako, chini ya profesa Daniel Freeman, walichukua watu 121 waliowahi kuonja bangi na ambao walishakuwa na tabia ya kuwashuku wengine, wakawadunga wengine THC na wengine maji yasiyo na kitu, bila kuwaambia nani kapata nini. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Nusu ya waliodungwa THC waliona watu wanawaandama. Sasa sikiliza hii: na waliodungwa maji, asilimia 30 waliona hivyo hivyo! Nilimsomea mdogo wangu takwimu hiyo kwenye basi, tukiwa tunapita Chalinze. Alikaa kimya mpaka Wami, halafu akauliza, "Wale wa maji, walipona?"

Hilo basi lenyewe sasa. Tulikaa siti ya nyuma kabisa, unajua sababu. Siti ya nyuma ukipita kwenye tuta unagonga kichwa dari, lakini kisogo kiko salama. Kila trafiki akisimamisha basi, kijana analowa. Hana kitu mfukoni zaidi ya kitambulisho na pipi za tangawizi, lakini trafiki anapanda, anatazama abiria kushoto na kulia, anashuka, na mwenzangu kakata pumzi mpaka basi linaondoka. Nilihesabu trafiki sita. Alipofika wa nne nikaona anatazama dirishani badala ya sakafuni, nikanyamaza nisimharibie.

Segera tukanunua machungwa. Kufika karibu na Korogwe ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Abiria mmoja, mama wa makamo, aligombana na konda juu ya mzigo wake, maneno yakapanda, konda akamaliza kwa kumwambia, "Mama, wewe ni wa kukushushia Lutindi wewe!" Basi zima kicheko.

Kama hujui, Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili huko huko milimani, upande wa Korogwe, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani, nayo inahudumia wagonjwa hao tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni mahali pa heshima, watu wanatunzwa na wanafanya kazi za mikono. Lakini ukanda ule wote jina lake limekuwa tusi, kama Mirembe lilivyo tusi kwa watu wa bara. Mdogo wangu Lutindi hakuwahi kuisikia. Akamwuliza jirani yake, jirani akamweleza kwa furaha kabisa, na mikono akionyesha milima iliko. Milima tunayoiendea.

Basi liliposimama Korogwe kwa dakika kumi za chakula, watu wakashuka kula na kuchimba dawa, yeye akasimama pembeni ya gari, begi mgongoni.

"Kaka, niambie ukweli. Unanipeleka Lutindi?"

"Nakupeleka kwa bibi."

"Mama alilia wakati tunaondoka. Kwa nini alilia kama ni kwa bibi?"

Msomaji, ulizia lolote, lakini hilo swali lina akili. Ndiyo shida ya ugonjwa huu, mgonjwa hapotezi akili, anaitumia mara mbili. Nikaona nikianza kuapa ndiyo nimejimaliza, maana anayemdanganya mtu huapa pia. Nikampa simu yangu, nikamwambia ampigie bibi mwenyewe. Dereva anapiga honi. Akapiga. Nikamsikia anauliza, "Shikamoo bibi. Nalala chumba gani?" Bibi akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa muuza mayai kwamba atalala chumba cha mbuzi asipowahi gari la Mombo, kwani la mwisho halimsubiri mjinga. Akapanda basi.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni lami nzuri, nyembamba, kona juu ya kona, mto uko chini upande mmoja na mwamba upande mwingine. Wewe unayeogopa, usikae dirisha la upande wa bonde. Joto linabaki chini kama nguo uliyoivua. Soni unaona maporomoko ya maji, unaona migomba, halafu mboga zimepandwa kwenye miteremko ambayo mimi kusimama tu siwezi. Masikio yanaziba, yanazibuka. Kwenye Coaster tulibanana wanne kwenye siti ya watatu, na mtoto mdogo aliyepakatwa na mama yake alimkazia macho mdogo wangu toka Mombo hadi Soni bila kupepesa. Nilidhani atazimia. Mama wa mtoto akasema, "Anakupenda huyo. Wewe wa nani?"

Hilo ndilo swali la Lushoto. Dar hakuna anayekutazama, nakuapia. Dar unaweza kutembea na ndala miguu tofauti toka Posta hadi Kariakoo na asijue mtu, kila mmoja anawaza nauli yake. Na ni Dar hiyo hiyo ambako mdogo wangu alikuwa anaona macho elfu. Lushoto wanakutazama kweli. Ukipita, mama anayelima anainua kichwa, anaegemea jembe, anakutazama mpaka umalize kona. Wazee barazani wanakata mazungumzo. Na hawaishii hapo, wanauliza: wewe wa nani, umekuja lini, unaondoka lini, mama yako hajambo?

Siku ya kwanza nilijilaumu moyoni kwa niaba ya mama mdogo. Tumemtoa mtu anayeogopa kutazamwa, tumemleta kwenye mji unaotazama! Alikaa ndani siku mbili, pazia limefungwa.

Bibi yetu huyo ni mdogo wake bibi mzaa mama, nesi mstaafu, mji mzima wanamwita Sista. Alifanya kazi Mirembe, Dodoma, miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Hakumsema kijana, hakumwombea kwa sauti, wala hakumwonea huruma ya kumwongezea nyama. Siku ya tatu asubuhi alimkuta anapima mapigo yake kwenye saa. Akanyoosha mkono. "Lete." Akaichukua, akaiweka ndani ya kopo la sukari, kopo akalipandisha juu ya kabati.

"Umewahi kufuga mbwa?" akamwuliza.

"Hapana bibi."

"Mbwa wa getini akiingiliwa na mwizi usiku mmoja, wiki nzima atabweka. Jani likianguka, anabweka. Paka akipita, anabweka. Mwizi kashaondoka zamani, ila mbwa hajui. Sasa wewe kila akibweka unatoka na tochi unamulika uani. Mbwa anajiambia, kumbe kweli, hata bosi ametoka! Kesho anabweka zaidi. Keki yako imeshaondoka. Umebaki na mbwa. Na wewe ndiye unayemfundisha kubweka."

Akamwambia moyo ukianza mbio asisimame, asikae, asishike mkono kutafuta mapigo. Kama anaosha vyombo, aendelee kuosha. Atoe pumzi polepole kuliko anavyoiingiza, basi. Utapanda, utafika kilele, utashuka wenyewe, maana mwili hauwezi kukaa kileleni siku nzima, unachoka. "Usipigane nao. Mwambie, umekuja? Karibu, mimi naosha sufuria."

Nilipobaki naye jikoni nikamwuliza kama ni rahisi hivyo. Akanikata jicho. Akasema angekuwa anasikia sauti za watu wasiokuwepo, au halali siku tatu nne mfululizo, au anaamini kabisa na hahoji kama Noah ni ya polisi, wala asingekubali akae pale nyumbani, angempeleka hospitali siku hiyo hiyo. Wapo ambao bangi inawafungulia mlango usiofungika tena. Nami nilishasoma habari ya Wasweden: vijana 45,570 waliojiunga na jeshi walifuatiliwa miaka 15, na utafiti uliotoka mwaka 1987 ulikuta kwamba wale waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Si kila mvutaji, hata kidogo. Ila nani anajua mapema yeye yuko kundi gani? "Huyu wako," bibi akasema, "ananiuliza kila saa kama anapata wazimu. Wazimu wenyewe hauulizi hivyo."

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Baridi ya Julai kule inaingia mpaka ndani ya blanketi, na giza ni giza la kweli. Usiku wa nne nikasikia ananitikisa.

"Kaka. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Toka upande wa msituni, kitu kinalia kama mtu anayekabwa, kinapanda, kinapanda, halafu kinakatika. Nikamwambia ndiyo, nimesikia, huyo ni perere, mnyama mdogo kama sungura, anakaa juu ya miti na usiku hupiga kelele hizo. Hakujali perere ni nini. Akanishika bega gizani. "Kwa hiyo na wewe umesikia?" Akaniuliza hivyo mara tatu. Halafu akalala, na asubuhi ilibidi aamshwe.

Siku ya tano bibi akamtuma gulioni. Peke yake. Viazi, karoti, matunda damu, na arudi na chenji. Nilimfuata kwa mbali, sikatai. Alitembea anatazama vidole vya miguu. Hatua kumi, mzee wa kwanza: "Kijana, hujambo? Wewe wa nani?" Akasimama. Nikamwona midomo inacheza. "Shikamoo. Mjukuu wa Sista." "Ahaa! Mjukuu wa Sista!" Mzee akawageukia wenzake, "Mjukuu wa Sista huyo, wa Dar." Wenzake wakaitikia, ahaa. Kisha wakarudi kwenye bao lao, mambo yakaisha.

Mambo yakaisha! Hatua ishirini mbele mama muuza karoti: wewe wa nani? Mjukuu wa Sista. Ahaa, mpelekee hii, mwambie mguu wangu umepona. Wa kitunguu: wewe wa nani? Kufika mwisho wa gulio ile sauti ilikuwa imetoka kooni. Wiki saba alikuwa anahisi macho yanajua kitu juu yake, hayasemi. Haya ya Lushoto yalikuwa hayajui, yakasema hayajui, yakauliza, yakajibiwa, yakageuka kutazama mambo mengine. Alirudi na viazi vya kupungua, muuzaji kamwibia mchana kweupe kwenye kipimo. Alikuwa kakasirika vibaya sana juu ya viazi vile, na hasira hiyo mimi niliifurahia kama nini.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa inapanda tu. Tulitembea siku moja hadi Irente, kama kilomita sita toka mjini, njia ya vumbi katikati ya mashamba. Mwamba unakatika ghafla, chini kabisa unaona nyika, mashamba ya katani yamepangwa kama daftari la mistari, na barabara kuu uliyokuja nayo imekuwa uzi. Watu wanapiga picha ukingoni, wengine wananing'iniza miguu. Yeye aliishia mbali, rangi imemtoka. Akasema haogopi kuanguka, anaogopa asije akajirusha bila kutaka. Sikumhubiria. Nilikaa naye pale pale alipoishia, tukafungua mkate na jibini ya shamba la Irente, tukala. Moyo wake ulikuwa unakimbia, nilijua kwa jinsi mkono wa kulia ulivyokuwa unautafuta wa kushoto na kuacha, unautafuta na kuacha. Zikapita kama dakika ishirini. Akaniuliza yale malori yaliyo chini yanaenda Tanga au Moshi. Akasogea hatua mbili. Ukingoni hakufika siku ile, na hakuna aliyemdai.

Mimi likizo yangu ilikuwa siku tisa, nikarudi mjini. Yeye akabaki hadi katikati ya Agosti, akawa anampelekea bibi mboga gulioni na kugombana na watu wa vipimo. Kliniki alirudi tarehe aliyopewa, daktari akamwongezea vikao vya kuongea naye, na vidonge hakumpa. Chuo kilipofunguliwa alikuwemo, na mitihani aliyoikosa anairudia. Usiku bado hunipigia simu, ila sasa ni saa nne, sio saa tisa, na mara nyingi ni habari za mpira.

Pantoni hapandi. Kigamboni anakwenda kwa kuzunguka darajani, daladala mbili, nauli mbili, na ukimcheka anakwambia ni pesa yake. Ile saa nayo nilimwuliza juzi kama aliichukua kwa bibi. Akasema aliisahau. Mama mdogo alipopiga Lushoto kuhakikisha, bibi akamwambia sukari iliisha wiki ya pili, kopo likashushwa, na saa kapewa muuza karoti, anatazamia muda.